Amri ya Likasi na Jina la Papa Kazadi

Watumishi wa Mungu, ba papa, ba maman, ba tonton, na ninyi nyote mliotoka Ixelles, Schaerbeek na mbali zaidi, mimi ni Hadassa, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninawaomba mnivumilie, kwa sababu leo nitasoma yote.

Papa Crispin Kazadi alizaliwa Likasi, tarehe 3 Machi 1951, akasoma hukohuko hadi alipomaliza sekondari, kisha akaingia chuo kikuu Lubumbashi, akatoka mwaka 1976 na diploma ya utawala, akawa karani wa serikali, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata mishahara ilipokosekana. Tarehe 14 Agosti 1979 alimwoa Maman Berthe Mbombo, wakatuzaa wawili, mimi na mdogo wangu Mathieu.

Machi 2007 aliitwa Kinshasa kuwa directeur wa kabineti katika wizara moja, yaani mtu ambaye kila karatasi hupitia kwake kabla ya kumfikia waziri, na waziri mwenyewe alikuwa Excellence Nday, huyu aliyeketi hapa mstari wa kwanza.

Wengi hamjui serikali inavyofanya kazi ndani, kwa hiyo nawaeleza kama Papa alivyonieleza: mshauri anaandika rasimu ya amri, directeur anaisoma na kuweka herufi za jina lake chini ya ukurasa, kuonyesha tu kwamba imepita kwake, halafu waziri anatia sahihi, na ni baada ya sahihi hiyo tu karani anaipa namba, inakuwa amri ya nchi. Directeur anashauri, waziri anaamua, na herufi za directeur peke yake haziwezi kumhamisha hata kuku.

Mei 2008 ililetwa rasimu ya kuziondoa familia mia mbili na kumi na mbili katika nyumba za wafanyakazi za Likasi, mji uliomzaa, Papa akaipinga kwa barua mbili, waziri akashikilia, na Papa, kwa desturi ya kabineti, akaweka herufi zake akidhani zinamaanisha alichofundishwa, na hilo ndilo kosa lake, sitalificha. Tarehe 19 waziri alitia sahihi. Watu walipolala nje na magazeti yakapiga kelele, Excellence aliingia kwenye baraza la mawaziri, mbele ya waziri mkuu, akasema sahihi ile imeghushiwa, directeur ameitengeneza wakati yeye waziri akiwa safarini, na Papa akafungwa miezi mitano bila kesi.

Baada ya kuachiliwa, tarehe 12 Novemba 2009 alifika hapa Brussels, akapata kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya Ganshoren, na kazi hiyo haikumuumiza, mliomuumiza ni ninyi, watu wa Likasi mlioko hapa, mliohama benchi alipoketi kanisani, mliosema ameuza mji wake, na Maman Berthe alipofariki mwaka 2013 mlikuja mazikoni watu kumi na mmoja.

Ugonjwa wa figo ulimlaza hospitali tangu tarehe 5 Desemba 2016. Tarehe 9 Januari aliniomba nimletee bahasha ambayo Maman aliitoa Kinshasa akiwa ameifunga kiunoni, chini ya kitenge, na ndani yake mlikuwa na rasimu ile, pembeni imeandikwa kwa wino wa kijani, kwa mkono wa waziri: nimekubali, itekelezwe mara moja, Nday. Nililia kwa hasira, nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, akanijibu, mutoto wangu, nilikula kiapo, mambo ya kabineti haitokake inje. Alifariki tarehe 2 Februari 2017, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Juzi Excellence alinipigia simu, akasema, bon, Hadassa, binti yangu, tusirudilie ile maneno, ni kilio, kisha akaomba azungumze leo kama rafiki wa marehemu. Hatazungumza. Nakala za karatasi yake ziko juu ya meza mlangoni, kila mmoja achukue yake, na nyingine imefika Likasi, kesho Jumapili itasomwa kanisani mbele ya familia zile, pamoja na barua mbili za Papa. Papa alikula kiapo cha kunyamaza, mimi sikula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Schaerbeek waliotuletea chakula wiki nzima, na wenzake wa kazi, hasa Maman Thérèse aliyekuja kumnyoa ndevu kila Jumanne. Excellence Nday, wewe hatukushukuru, wala hatukusamehe, na ukitoka hapa utapita katikati yetu sote, kila mtu akiwa na mwandiko wako mkononi.

Papa yetu, pumzika kwa amani, yeye asipumzike.