Odilia na Wimbo Usioisha

Kwenye treni ya kutoka kituo cha Mbingu nilikaa mkabala na dada aliyepakata sanduku la kaseti. Mzee wa pembeni yake alimkazia macho.

"Si wewe uliyepiga muziki harusini jana? Nilingoja wimbo uishe nikakae, hauishi!"

"Shikamoo baba. Ndiye mimi, Odilia. Nilikuwa naziunganisha nyimbo, moja inaingia ndani ya nyingine. Nimejifunza mwaka mzima nyumbani kwa deki mbili za kaseti. Vijana walisema nitaumbuka. Jana hakuna aliyetoka uwanjani!"

"Wimbo lazima uwe na mwisho, mwanangu."

"Mbona mama uliyekuwa unacheza naye alikataa kukaa?"

Mzee alisugua magoti yaliyochoka kwa kucheza, ambayo nadhani yalimuunga mkono. Tuliposhuka Ifakara alikuwa bado anabisha, lakini sanduku alilibeba yeye.