Rosalind Pekarek na Kengele ya Majina Mawili

Marehemu Rosalind Pekarek Tomasik alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Cleveland, Ohio, mtoto wa pili wa fundi viatu Bohumil Pekarek na mkewe Zdenka. Alimkuta Lidia, dada yake, na hakubanduka kwake.

Alisoma shule ya parokia hadi 1959. Akiwa darasa la sita alifukuzwa wiki nzima kwa kumwigiza mtawa mkuu. Maneno aliyatunga Lidia, adhabu akaibeba Rosalind, na hakumtaja mtu. Baadaye alisema hiyo ndiyo mara ya mwisho kulificha jina la dada yake.

Kuanzia 1962 alishona makoti kiwandani mchana, na jioni akachekesha watu kumbini. Lidia aliogopa jukwaa, lakini kila kichekesho alikiandika yeye, kwenye meza ya jikoni. Nyuma ya kumbi hizo huwa kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, mchekeshaji ana dakika moja ashuke. Asiyeshuka haitwi tena. Rosalind hakuwahi kuipita.

Tarehe 11 Juni 1966 aliolewa na Emil Tomasik, mwoka mikate. Alipoposwa alionya, "Ukinichukua mimi, Lidia anakuja na meza yake."

Emil akajibu, "Nafasi nimeshapima. Itakaa karibu na jiko."

Lidia alifariki 1998. Mwaka 2017 Rosalind alichaguliwa kupewa Kengele ya Shaba, tuzo anayopewa mchekeshaji mmoja wa Marekani kila mwaka, kule Washington. Akaomba yachongwe majina mawili. Bwana mmoja wa kamati akampigia simu.

"Bi Tomasik, kanuni ni mtu mmoja."

"Basi mpelekeeni huyo mmoja. Yuko makaburini, safu ya nne."

"Haiwezekani, mama. Na hotuba yako iwe dakika sita, tafadhali."

Binti yake alimshauri asiende. "Nisipokwenda, atatajwa na nani?" akauliza, akafunga sanduku.

Jukwaani, dakika ya sita ya hotuba, taa nyekundu ikawaka. Akaitazama. "Wewe nakujua. Leo utanisubiri." Akasimama dakika kumi na saba, akisoma madaftari ya Lidia na kumtaja kila ukurasa. Televisheni ilikata sehemu hiyo yote. Hotelini akachukua msumari, yeye mwenyewe akalichora jina la dada yake kwenye kengele.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya mapafu. Daktari alimpa miezi mitatu. "Taa za watu nimezizoea, daktari," alimwambia, akaishi ishirini. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2024.

Emil alitangulia 2011. Marehemu ameacha binti yake Marjorie, wajukuu watatu, na Radek, mtoto wa Lidia, anayewasomea haya.

Juzi kamati iliiomba kengele kwa maonyesho yao, mradi mchoro wa msumari usuguliwe utoke. Familia imejibu kwamba hausuguliwi. Kengele iko hapa mbele. Kila anayekuja kuaga, tafadhali aigonge mara mbili.

Apumzike kwa amani, safu ya nne, kando ya mwandishi wake.