Risala Kuhusu Wagomvi Wetu Wawili Waliopatana

Mgeni rasmi, Bi Lettice Garside, Mkuu wa Mfuko wa Utafiti; Daktari Farrant, mwenye maabara; wastaafu wenzetu:

Sisi wastaafu wa Beeston, tunaojitolea kupimwa bongo zetu kila Jumatano, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa kukuvua mkanda, saa na pini za nywele pale mlangoni. Chumba hiki hakitaki chuma, huvuruga vipimo.

HISTORIA
Zamani mtu akipimwa ubongo alitumbukiza kichwa kwenye mtambo mkubwa kama tangi la maji, akakatazwa hata kupiga chafya. Miaka mitatu iliyopita Daktari alituletea kofia hizi nyepesi zinazonasa mawimbi ya ubongo. Ukiivaa unakunywa chai, unafuma sweta, unacheza mpira wa meza, naye anaona kwenye skrini ubongo unavyochapa kazi.

MAFANIKIO
Daktari alihitaji watu wawili wazungumze wakiwa wamevaa kofia. Bila kujua, akawachagua Bwana Horace na Bi Dilys, majirani ambao walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa.

"Semeni chochote," akawaambia.

"Uliniibia boga langu la maonyesho," akaanza Bwana Horace.

"Liliingia kwangu lenyewe, likapita chini ya ua! Nikalipika supu, na lilikuwa chapwa!"

Mawimbi yaliruka hata Daktari naye akaruka. Tangu hapo waligombana kila Jumatano kwa faida ya sayansi, na picha za bongo zao zimeonyeshwa hadi Tokyo.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, wamepatana. Mwezi wa pili mwaka huu Bwana Horace aliugua mapafu, Bi Dilys akawa anampelekea uji. Sasa wakivaa kofia, mawimbi yametulia kama maji ya mtungini. Tumejaribu kuwachonganisha. Tulimwambia Bi Dilys kwamba mwenzake anamwita kikongwe.

"Kwani uongo?" akajibu, huku akimfunga Bwana Horace vifungo vya koti.

Tumesikia Mfuko wako utaleta mke na mume kutoka Derby wanaochukiana kikwelikweli, nasi turudi majumbani.

MAOMBI
Tunaomba hata waliopatana wapimwe. Nao wana ubongo. Ikishindikana, Bwana Horace yuko tayari kuanza upya, ingawa jana kwenye mazoezi aliomba radhi tusi likiwa bado mdomoni.

Ila Jumatano yetu, tafadhali, isiguswe. Majumbani kwetu runinga ndiyo inayosema, sisi tunasikiliza. Hapa kuna mtu anayekaa saa nzima akisubiri kujua tunafikiria nini.

Mungu akuzidishie umri, na watu wa kukusikiliza ukiufikia wetu.

Ni sisi,
Wastaafu Wavaa Kofia wa Beeston.
Imesomwa na Maud Ollerenshaw, Katibu.