Mipini ya Bi. Tunu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Tunu Marijani anakabidhi ufunguo wa stoo ya zana katika karakana yetu ya pampu hapa Tandika. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Revelian, fundi wa pampu, niandike mambo ya kuchekesha. Nitaandika, ila msinikatize.

Spana inayotumika kama nyundo tunaiita Mjumbe, kwa kuwa hugonga kila mlango. Bisibisi iliyofanywa tindo ni Daktari wa Mtaa: inatibu kila kitu na haijasomea chochote. Tupa lisilo na mpini ni Kipara. Bi. Tunu alicheka siku ya kwanza tu. Baada ya hapo, ukimwambia "Shikamoo mama, nipe Kipara," aliitikia marahaba, kisha akakuacha umesimama dirishani mpaka utaje zana kwa jina lake.

Tulimwona mkali bure. Kumbe sisi ndio tulikosea: shida tuliipa jina, tukaicheka, tukaizoea. Yeye peke yake aliidai haki yetu. Mara tatu alijaza fomu ya kuomba mipini, na mara tatu ikarudi kutoka ofisini imeandikwa: "Tumieni vilivyopo."

Fundi Faraji alitumia kilichopo. Tupa liliteleza, mkia wake uliochongoka ukamtoboa kiganja cha kulia. Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Ripoti ikasema ni uzembe wa fundi. Uzembe! Nasema mbele ya wageni wote: ule ulikuwa uongo, tena wa aibu.

Jumamosi iliyofuata Bi. Tunu alibeba matupa yote kumi na manne hadi Mwenge, kwa Albano, mchonga vinyago aliyewahi kuwa jirani yake, yakachongewa mipini ya mninga. Kipara hakusikika tena. Barua ya ofisi ya kumuaga inamshukuru kwa "kutunza vifaa". Mipini haikutajwa.

Mjumbe na Daktari wa Mtaa bado wapo kazini. Tulipomuuliza Bi. Tunu anataka zawadi gani, alitukabidhi fomu aliyokwisha kuijaza: nyundo sita, tindo sita. Tumeichapa ukurasa wa nyuma wa programu hii ya sherehe, na mafundi wote tumesaini. Nafasi ya saini ya mkuu wa karakana bado iko wazi, na keki haikatwi kabla hajaijaza.

Asante, mama yetu. Kapumzike Chanika kwa afya na furaha, umelala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Ile saini iliyopinda pale juu kabisa ni ya Faraji. Ameiandika kwa mkono wa kushoto.