Festus Nakhungu na Kisa Kisichokuwa Chake

Kisa kabla ya kutaja, mwenye kisa muulize;
Akikubali na kuja, wasikizi wanyamaze.

Wachungaji, wazee wa ukoo, jamaa wa Kabuchai, wakwe zetu mliotoka Kwanza, majirani na marafiki, familia inawasomea maisha ya Festus Nakhungu kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mapambo.

Festus alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa Kabuchai, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hiram Nakhungu, mkulima wa miwa, na Mama Nabwile, ambao wote wametutangulia. Alianza shule ya msingi karibu na mto Kuywa mwaka wa 1965, akasoma sekondari mjini Bungoma hadi kidato cha nne mwaka wa 1975, akahitimu chuo cha kilimo mwaka wa 1979, na mwezi wa Januari 1980 serikali ikamtuma eneo la Kwanza, upande wa Kitale, kuwa afisa wa kilimo.

Ndugu zake walishangaa kwamba kazi hiyo ilimtaka aseme mbele ya watu, maana nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, na mshangao wao haukuwa bure, kwani katika mabaraza ya chifu alisoma mwongozo wa wizara kuanzia ukurasa wa kwanza, mkono mmoja mfukoni, nao wakulima wakampa heshima yote isipokuwa masikio. Mzee Kemboi, ambaye baadaye alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, alimwambia siku moja mbele ya umati, "Bwana kilimo, hayo ya kitabu tumesikia. Si utuambie wewe nyumbani kwako unafanya aje?" Watu wakacheka, na Festus akafunga mwongozo.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Jelimo, binti Kipkosgei, wa Kwanza, na wawili hao wakajaliwa Linet mwaka wa 1990, Ian mwaka wa 1993, na Vivian mwaka wa 1997. Kuhusu mwezi wa Januari 1989 Jelimo ameruhusu sentensi moja isomwe, nayo ni hii: mahindi yaliwekwa katika chumba cha kulala kwa kuhofia wezi, kama zilivyofanya nyumba nyingi, vidonge vya kuua wadudu, ambavyo hutoa hewa yenye sumu, vikatiwa ndani ya magunia, Festus alikuwa mafunzoni Kitale, na Jelimo akatolewa nje na majirani akiwa hajitambui, akapona, lakini mimba yao ya kwanza ikapotea.

Mwezi wa Novemba 1992, Kemboi alipomrudia kwa swali lake lile lile, Festus aliweka mwongozo mezani akasimulia habari za mke wake, na kabla ya wiki kuisha magunia mengi yalikuwa yametolewa vyumbani. Alialikwa mahali pengi baada ya hapo, akajifunza pa kushusha sauti na pa kunyamaza hadi akina mama wainamishe vichwa, na hakukumbuka kumwambia Jelimo, mpaka muuza vitunguu mmoja sokoni alipomshika mama huyo mkono na kumwambia, "Pole, mama. Si wewe ndio ule wa magunia?"

Jelimo alirudi nyumbani akamkuta mumewe akinoa jembe, akamwambia, "Baba Linet, leo nimeambiwa sokoni vile nililia. Wewe ulinisikia ukiwa wapi?" Festus akajitetea kwamba kisa hicho kilikuwa kinaokoa watu, naye Jelimo akajibu, "Kiokoe, sijakataa. Lakini ni changu, na ulikichukua bila kupiga hodi." Hapo Festus aliahidi kwamba hangekisimulia tena bila kuomba ruhusa na mwenyewe kukubali, na ahadi hiyo ilimgharimu mapema kuliko alivyodhani.

Tarehe 17 Novemba 1994 chifu wa Ndalu aliitisha baraza kwa haraka, kwa sababu watoto wawili wa kijiji cha jirani walikuwa wamefariki karibu na magunia yenye dawa, na Festus aliitika akiwa na hofu iliyozidi ya kazi, maana dada yake Phelista, aliyeolewa huko, alikuwa ameyapanga mahindi yake katika chumba cha watoto, na alipoonywa asubuhi hiyo alicheka akasema, "Kaka, wezi wa Ndalu huwajui." Jelimo alikuwa ameketi upande wa akina mama, amempakata Ian, na Festus hakuwa amemwomba ruhusa. Alisoma mwongozo. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, Phelista naye akajifunga leso yake tayari kwenda, na ingawa kisa kilikuwa kimemfika mdomoni, na mke wake akimtazama, Festus aligeuza ukurasa akaendelea kusoma.

Jelimo ndiye aliyemkabidhi Phelista mtoto, akapita mbele, akasema, "Keti, Baba Linet," kisha akawaambia watu, "Huyu hakuwako. Mimi nilikuwako." Aliyoyasema baadaye hatuyasomi hapa. Mzee mmoja alimuuliza, "Sasa mama, na wezi je?" naye akamjibu, "Gunia likiibwa, utapanda tena mwezi wa tatu," na jua halijatua Phelista alikuwa ameburuta gunia lake la mwisho hadi uani.

Tangu siku hiyo Festus alianza kila siku ya baraza mlangoni pa jikoni, akiuliza, "Mama Linet, leo?" na alipojibiwa, "Leo hapana," alikwenda akasoma mwongozo, akakubali kuwachosha watu. Alistaafu mwaka wa 2018, na maafisa vijana aliowafunza wanasema kwamba mtu aliyekuja kwake na kisa kizuri aliulizwa kwanza ni cha nani.

Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2016, figo zikadhoofika mwaka wa 2023, na mwezi uliopita, akiwa kitandani hospitalini Kitale, alimuuliza mkewe kama habari za Januari ile zingesomwa kwenye mazishi yake, akajibiwa, "Upone kwanza." Alifariki tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi alfajiri. Juzi, tulipoketi kuandika historia hii, Jelimo alitukabidhi ile sentensi moja, akasema yaliyobaki hayatasomwa na mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, majirani wa Kwanza waliompeleka kusafishwa damu kwa zamu bila kuombwa, maafisa wenzake wa kilimo, na akina mama wa kanisa waliopika tangu Jumanne ile. Festus, kazi yako ya kusema imekwisha, pumzika kwa amani.

Msomaji wa familia ameketi. Aliyebaki amesimama ni Jelimo, naye hana karatasi mkononi.