Mstari wa Nne wa Barua Yangu ya Umeneja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Bwana Mkurugenzi, Matroni, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, mume wangu na mama mkwe wangu mliopewa viti vya karibu na mlango, nanyi wenzangu wa chumba cha kufulia, ambao leo ndiyo mara ya kwanza nawaona mmekaa wote kwa pamoja: nawasalimu kwa heshima. Mshereheshaji amenipa dakika tano. Cheo hiki nimekingoja miaka kumi na tisa, kwa hiyo zikizidi atanivumilia.

Niliingia hapa nikiwa mfuaji. Nilipokea marobota ya shuka kutoka wodini, nikayafungua na kuyapekua, maana ndani ya shuka za hospitali utakuta kila kitu: sindano, miwani, meno ya bandia, na siku moja simu ya daktari ikiita. Naona mwenye simu anacheka. Baadaye nikapewa mashine, kisha pasi, kisha ghala. Mara tatu mliniletea meneja mwenye shahada, na mara zote tatu niliitwa ofisini nikaambiwa, "Mama Povu, hebu mwelekeze bosi wako kazi." Nikamwelekeza. Wa tatu alipohama nikaitwa Kaimu Meneja, nikakaimu miaka sita. Ndugu zangu, mtu anakaimu mpaka meno yang'oke?

Huyo wa tatu alikuwa kijana mpole, sina ugomvi naye. Alitoa waraka kwamba nguo zote, hata za chumba cha upasuaji, zianze na maji ya moto ili vijidudu vife. Nikamwambia, "Bosi, nguo yenye damu inaanza na maji ya baridi. Ukiitia kwenye maji ya moto kwanza, damu inaiva ndani ya uzi, haitoki tena." Akaniuliza, "Hilo umelisoma wapi?" Nikamjibu kwamba sijalisoma, nimelifua. Akatabasamu, akabandika waraka ukutani.

Nguo zilitoka na mabaka ya rangi ya chai. Vijidudu vilikufa kweli, lakini nani kati yenu angekubali mama yake alazwe juu ya kitambaa kile? Matroni alikataa kuzipokea, na alikuwa na haki. Mgonjwa aliyefunga kula tangu alfajiri akarudishwa wodini bila kupasuliwa. Hapo mimi na mwenzangu Dada wa Pasi tukaupa mgongo ule waraka, tukaloweka marobota yaliyobaki kwenye maji ya baridi, tukafua, tukapiga pasi, na kesho yake upasuaji ukaendelea. Mnajua kilichofuata? Ripoti ilimpongeza meneja kwa kudhibiti hali haraka. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kukaidi maagizo. Iliniuma, na leo hii, nikiwa nimevaa gauni jipya mbele yenu, bado inaniuma.

Msinielewe vibaya. Sisemi shahada ni karatasi tu. Binti yangu yuko chuoni na namjivunia mtaa mzima, na daktari atakayenipasua mimi, tafadhali, awe nazo mbili. Ninachouliza ni hiki: kama sikuwa na sifa za kuwa meneja, nilikuwa na sifa gani za kuwafundisha mameneja?

Sasa nifike kwenye barua ya uteuzi, hii hapa mezani, ambayo natakiwa kuisaini mbele yenu. Mistari mitatu ya kwanza ni mizuri. Wa nne unasema: "Uteuzi huu umefanywa kwa huruma ya Bodi, ingawa mhusika hana sifa, na hautahesabiwa kuwa mfano kwa mtumishi mwingine."

Huruma! Nimelazwa wapi, nimefiwa na nani, hata nihurumiwe?

Na huyo mtumishi mwingine tunamjua. Dada wa Pasi, simama wakuone. Usione haya, simama. Miaka kumi na minne yuko hapa. Jumatatu iliyopita aliomba unaibu, fomu yake ikarudishwa siku hiyo hiyo. Walisoma sehemu ya elimu, wakaishia hapo. Mstari wa nne umeandikwa kwa ajili yake. Mimi nipite, kisha mlango ufungwe nyuma yangu, na kufuli niliweke kwa saini yangu mwenyewe.

Nimeambiwa nisiposaini kabla ya saa kumi leo, nafasi itatangazwa upya. Mama mkwe wangu aliposikia alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, saini tu, usiipige teke riziki." Mama, nakuheshimu kuliko wote waliomo humu. Nisamehe.

Bwana Mkurugenzi, kalamu ni hii. Ufute mstari wa nne, uweke saini yako pembeni, nami nitaweka yangu chini. Usipoufuta, nitavua gauni hili nirudi kwenye mashine bila kinyongo, na meneja mpya akija nitamsalimia kwa adabu, nitamwonyesha choo kilipo, lakini kazi hatanifunza wala sitamfundisha.

Kwa masikio yenu na subira yenu, ahsanteni sana, wakubwa kwa wadogo. Bwana Mkurugenzi, nakungoja.