Mwani wa Munyiva

Foleni ya kwenda Kangemi ilikuwa imepiga kona, miguu imechoka, na gari hakuna. Mimi huwa siwezi kunyamaza kwa foleni, lakini leo waliokuwa mbele yangu walikuwa na habari tamu kuliko zangu.

Mmoja wao, Muasya, alikuwa anamweleza mama asiyemjua habari za mke wake, Munyiva, anayelima mwani huko Kwale. Mawimbi yamekata kamba zote alizoufungia na mwani ukaenda na maji. Sasa Munyiva hataki kurudi Nairobi. Kila asubuhi anazunguka ufuoni akiungoja.

"Si umwache angoje, baba," akasema yule mama, Philister. "Kwetu ziwani magugu maji yanasukumwa na upepo asubuhi, na jioni yamerudi yote."

"Mama, hiyo ni ziwa. Bahari iko na mikondo. Inabeba mwani mpaka mahali inakutana, hapo unarundikana kama takataka kwa mtaro. Nani ataufuata huko?"

"Kwa hivyo arudi akuoshee sufuria?"

Tulicheka, mimi wa kwanza. Muasya hakucheka. "Nimechoka kula peke yangu," akasema.

Simu yake ikalia. Akaiangalia kwanza, akasema, "Ni Munyiva," akamwomba Philister amshikie nafasi, akasogea kando. Gari likaja na watu wakaanza kuingia. Philister alipofika mlangoni aligeuka, akamwona bado anaongea, akanipisha.

"Wewe panda," akaniambia. "Mimi nimeshikia mtu."